Lango la Shule na Kiti cha Kadhi

Mwezi Juni 2014, Naibu Gavana wa Kaunti ya Isiolo, Mohamed Guleid, alihudhuria hafla katika shule ya sekondari ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani. Alipopewa nafasi ya kuzungumza alitoa ombi: wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule. Lilikuwa ombi la mdomo tu, halina nguvu ya sheria wala ya agizo. Lakini baadhi ya wasichana walilichukua kama ruhusa, wakaja shuleni wamejisitiri. Kanisa la Methodist, ambalo ndilo mfadhili wa shule hiyo, likakataa. Kabla ya mwaka kwisha ombi lile lilikuwa limefika Mahakama Kuu ya Meru, na mwanzoni mwa 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ikalitolea uamuzi wa mwisho. Katika safari hiyo lilipata majibu matatu, na hakuna jibu lililofanana na jingine.

Isiolo ni mji wa njia panda. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu wananunua katika soko moja, na adhana na kengele ya kanisa husikika mtaa mmoja. Watoto wao hukaa dawati moja kwa sababu shule za umma ni chache na familia nyingi hazina uwezo wa kuchagua. Hili ndilo jambo ambalo wasomaji wa hukumu hulisahau upesi. Mzazi Mwislamu wa Isiolo anayempeleka binti yake katika shule yenye jina la mtakatifu wa Kikristo hakuvutwa na jina hilo. Shule iko karibu, walimu wake wanalipwa na serikali, na karo yake inalipika.

Mfumo wenyewe ni wa zamani. Shule nyingi za Kenya zilianzishwa na wamishonari, na baada ya Uhuru serikali ilizichukua, ikaajiri walimu na kuweka mtaala mmoja. Makanisa yalibaki na cheo cha mfadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtambua mfadhili na kumpa jukumu la kukuza maisha ya kiroho shuleni, lakini papo hapo inamtaka alinde imani za wale wasio wa dhehebu lake. Pande zote mbili za kesi ya Isiolo zingeweza kusimama juu ya sheria hiyo hiyo, na ndivyo ilivyokuwa.

Kanisa lilipokwenda Meru, liliishtaki Tume ya Kuajiri Walimu na maafisa wa elimu wa kaunti. Wasichana wenyewe hawakushtakiwa, na hawakuwa wameshtaki mtu. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na pengine ndivyo alivyowaza mzazi mmoja wa shule hiyo alipoomba aingizwe katika kesi kama mtu mwenye maslahi. Akakubaliwa. Humo ndani hakuishia kujibu hoja za kanisa. Alileta dai lake mwenyewe, kwamba kuwazuia mabinti kuvaa hijabu ni kuvunja haki yao ya kuabudu.

Machi 2015 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi. Kanisa likashinda. Hoja ya jaji ilikuwa kwamba sare ipo ili watoto wote waonekane sawa, na kwamba kuwaruhusu wachache wavae tofauti ni kuwabagua wengi wanaofuata kanuni. Hoja hii haikuwa ngeni. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2012, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikuwa imemkatalia msichana wa Kenya High School ombi kama hilo kwa mantiki inayokaribiana nayo.

Mzazi alikata rufaa. Septemba 2016, majaji wa Mahakama ya Rufaa waliokaa Nyeri waliipindua hukumu ya Meru. Hukumu iliyoongoza iliandikwa na Jaji Patrick Kiage, na kwa kiini chake ni mojawapo ya maandishi muhimu zaidi kuhusu usawa yaliyotoka katika mahakama za Afrika Mashariki. Majaji walisema kanuni inaweza kuwahusu wote kwa maneno na bado ikawaumiza baadhi kwa matokeo. Kanuni ya kuacha kichwa wazi haimgharimu chochote msichana ambaye dini yake haimtaki ajifunike. Kwa mwenzake aliyekaa naye dawati moja, kanuni hiyo hiyo inamlazimisha kuchagua kati ya masomo na imani. Basi kuwatendea wote namna moja si lazima kuwe ni kuwatendea sawa. Mahakama ikaitaka bodi ya shule irekebishe kanuni zake ili wasichana Waislamu wapewe ruhusa hiyo.

Mtu anaweza kuisoma hukumu hiyo na kudhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Kanisa likapanda ngazi ya mwisho.

Tarehe 23 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatangaza kwamba Mahakama ya Rufaa haikupaswa kabisa kulishughulikia suala la hijabu. Sababu ilikuwa ya utaratibu. Aliyeingia katika kesi kama mtu mwenye maslahi, walisema majaji walio wengi, hana ruhusa ya kuanzisha kesi yake ndani ya kesi ya wengine. Kanisa lilikuwa limeuliza jambo moja, mzazi akaleta jingine, na hilo la pili halikufuata njia iliyowekwa. Hukumu ya Nyeri ikafutwa. Majaji wakakiri kwamba suala lenyewe ni zito na linaligusa taifa zima, wakasema anayetaka liamuliwe alilete kwa njia inayofaa. Jaji Jackton Ojwang hakukubaliana na wenzake, akaandika maoni tofauti.

Wanasheria wana haki ya kuutetea uamuzi huo, maana bila utaratibu kesi yoyote ingegeuka uwanja wa kila mwenye neno. Lakini gharama yake ililipwa na nani? Msichana aliyekuwa Kidato cha Kwanza mwaka 2014 alikuwa amekwisha kumaliza sekondari siku Mahakama ya Juu ilipofungua kinywa. Alianza masomo katika mzozo, akafanya mtihani katika mzozo, na jibu lilipofika lilimwambia kwamba swali lake liliulizwa vibaya. Wasichana waliokuja baada yake walirudi mikononi mwa mkuu wa shule na bodi yake. Shule moja iliweza kuruhusu, na jirani yake ikazuia, zote mbili zikidai kufuata sheria. Mahakama inapokataa kuamua, uamuzi bado hufanywa, ila hufanywa na mtu aliyesimama langoni saa moja asubuhi.

Kwa bahati nzuri, fikra za Nyeri hazikuzikwa pamoja na hukumu yake.

Waadventista Wasabato walikuwa na kesi yao wenyewe, iliyokuwa ikienda sambamba na hii. Sabato yao huanza jua linapotua Ijumaa na kwisha jua linapotua Jumamosi. Katika shule nyingi za umma za Kenya, hasa za bweni, Jumamosi ni siku ya masomo ya ziada, majaribio na usafi. Mtoto Msabato asiyehudhuria aliadhibiwa kama mtoro. Kanisa lilishtaki, Mahakama Kuu ikalikataa dai hilo, na Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ikaliafiki. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 32, imetaja waziwazi kwamba uhuru wa dini unajumuisha kuadhimisha siku ya ibada. Majaji waliona kwamba shule inaweza kupanga ratiba yake bila kumlazimisha mtoto aivunje Sabato, na kwamba usumbufu wa kupanga hautoshi kuwa sababu ya kumnyima haki.

Hapa kuna jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Wasichana wa Isiolo na watoto wa Kisabato hawana imani moja, na huenda wazazi wao wasikubaliane hata kidogo kuhusu Mungu. Lakini hoja iliyowasaidia wote ni moja: taasisi ya umma haina budi kujiuliza kwanza kama inaweza kumpa nafasi aliye tofauti, kabla ya kumwambia aondoke. Mkristo aliyeshangilia ushindi wa Methodist mwaka 2019 angefaa kukumbuka kwamba Mkristo mwenzake Msabato analindwa na mantiki ile ile iliyowatetea wasichana Waislamu.

Mwaka huo huo wa 2019 ulianza na mtoto mwingine langoni. Msichana aliyejiunga na Kidato cha Kwanza katika shule ya Olympic, mtaani Kibra, Nairobi, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele. Alikuwa na rasta, akizifunika kwa kilemba. Shule ilimtaka azinyoe. Baba yake alikwenda mahakamani na kueleza kwamba familia ni ya Kirastafari na kwamba nywele zile ni sehemu ya imani. Mahakama Kuu iliamuru arudishwe darasani kesi ikiendelea, na Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita akatoa hukumu: Urastafari ni dini kama dini nyingine mbele ya Katiba, na shule haiwezi kumfukuza mtoto kwa kuushika.

Athari ya hukumu hiyo ilivuka lango la shule. Kwa miaka mingi Mkenya mwenye rasta alitazamwa kwanza kama mhuni au mvuta bangi, na kwa wazee wa mkoa wa kati nywele hizo zilibeba pia kumbukumbu ya wapiganaji wa Mau Mau msituni. Polisi walimsimamisha, mwenye nyumba alimkatalia chumba. Hukumu ya jaji mmoja haifuti dharau ya namna hiyo. Ilichofanya ni kuipa jamii hiyo ndogo, kwa sauti ya dola, jina ambalo ilikuwa imelidai tangu zamani: waumini.

Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 8, inasema nchi haina dini ya taifa. Wapo wanaosoma maneno hayo na kudhani yanaagiza dini ibaki nyumbani. Lakini Katiba hiyo hiyo inaanza kwa kumtaja Mungu katika utangulizi wake, na katika kifungu cha 170 inaunda mahakama za dini moja. Hakuna mahali ambapo mvutano huo ulionekana kwa ukali kama katika suala la kadhi, na kulielewa lazima mtu arudi pwani.

Mwaka 1895 Waingereza walikubaliana na Sultani wa Zanzibar wautawale kwa niaba yake ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, kutoka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Bendera ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa. Maliwali, mamudiri na makadhi waliendelea na kazi, na ndoa, talaka na mirathi za Waislamu ziliamuliwa kwa sharia kama zilivyoamuliwa kabla ya mzungu kufika. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya watu wa pwani walitaka Mwambao ujitenge. Swali hilo lilijibiwa Oktoba 1963, pale Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walipobadilishana barua. Sultani aliachia madai yake juu ya ukanda huo. Kenyatta aliahidi, pamoja na mengine, kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatalindwa wakati wote. Ahadi ikaingizwa katika Katiba ya Uhuru, na mwaka 1967 Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Kadhi.

Kwa hiyo kwa Mswahili wa Lamu au Mombasa, kadhi hakuwa upendeleo aliopewa na Nairobi. Alikuwa sehemu ya masharti ya kuungana. Kwa mchungaji wa Nyeri au Eldoret, ambaye historia hiyo haikumfikia shuleni, kadhi alionekana kuwa jaji wa dini moja anayelipwa kwa kodi ya watu wa dini zote.

Mwaka 2004, majadiliano ya katiba mpya kule Bomas yalipokuwa yamepamba moto, kundi la viongozi wa makanisa wakiongozwa na Mchungaji Jesse Kamau walifungua kesi Mahakama Kuu kupinga kuwepo kwa mahakama hizo katika Katiba. Kesi ilikaa. Mwaka 2005 rasimu ya katiba ikapelekwa kwa wananchi, kambi ya ndizi iliyoiunga mkono ikishindana na kambi ya chungwa iliyoipinga, na chungwa likashinda. Kesi ikaendelea kukaa. Uchaguzi wa 2007 ukaja na damu yake, rasimu nyingine ikaandikwa, na kura ya maamuzi ikapangwa kufanyika tarehe 4 Agosti 2010. Ndipo tarehe 24 Mei 2010, wiki kumi tu kabla ya kura, majaji watatu wakasoma hukumu.

Walisema kifungu cha 66 cha Katiba ya zamani, kilichounda mahakama za kadhi, kinapingana na kifungu cha 82 kinachokataza ubaguzi. Walisema kuzipanua mahakama hizo nje ya ukanda wa zamani wa pwani na kuzilipia kwa fedha za umma ni kuipendelea dini moja. Hata hivyo walikubali kwamba wao hawana uwezo wa kukifuta kifungu cha Katiba. Kazi hiyo ni ya Bunge na wananchi.

Hukumu isiyofuta kitu, basi, ila katika msimu ule ilisikika kama ngoma. Kambi ya “Hapana”, iliyokuwa na viongozi wengi wa makanisa na mwanasiasa William Ruto, ilipata hoja yenye muhuri wa mahakama. Waislamu waliona kwamba ahadi ya 1963 inavunjwa mbele ya macho yao. Kambi ya “Ndiyo”, ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, ilijikuta ikilazimika kumweleza mpiga kura kwamba kadhi amekuwepo siku zote na hakumdhuru mtu. Ni vigumu kuusamehe ucheleweshaji ule. Kesi iliyofunguliwa 2004 ingeamuliwa 2005 au 2006, hoja zake zingepimwa kwa utulivu. Kuiachia katikati ya kampeni kulimfanya jaji aonekane mpiga debe, hata kama hakukusudia.

Wananchi walijibu wenyewe. Takriban asilimia 67 ya waliopiga kura walisema ndiyo, na kadhi akaingia katika Katiba mpya akiwa na mipaka iliyo wazi: anasikiliza masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Kifungu cha 24 kikaongeza kwamba masharti ya usawa yatalegezwa kwa kiasi kinachohitajika kabisa ili sharia itumike mbele ya kadhi.

Maneno hayo, “kwa kiasi kinachohitajika kabisa”, yalilala miaka kadhaa bila kuwashtua wengi. Juni 2025 yakaamka. Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mirathi iliyoanzia Mombasa, ambamo marehemu Mwislamu aliacha watoto aliowazaa na wanawake ambao hakuwa amefunga nao ndoa ya Kiislamu. Kwa fikihi inayofuatwa pwani, mtoto wa nje ya ndoa hamrithi baba yake. Majaji walisema watoto hao wana haki ya kurithi pamoja na wenzao, kwa kuwa kumbagua mtoto kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wake ni kinyume cha Katiba, na kwamba nafuu ya kifungu cha 24 haipaswi kunyooshwa kupita pale ilipokusudiwa kufika.

Masheikh na jumuiya za Kiislamu walipinga hadharani. Kwao mirathi haiko katika mambo ambayo mwanadamu anayapunguza au kuyaongeza. Mafungu yake yametajwa katika Qur'ani, na wengi waliuliza ni dini gani inayolindwa ikiwa jaji asiye Mwislamu anaweza kusema nani mrithi wa Mwislamu. Maumivu hayo ni ya kweli na hayafai kupuuzwa na wanaoishangilia hukumu. Ni kweli vilevile kwamba mtoto hakuchagua namna alivyozaliwa. Mantiki iliyomtetea msichana wa Isiolo, ya kutomwacha mtu aumie kwa kanuni asiyoweza kuikwepa, ndiyo iliyomtetea mtoto huyu. Safari hii upande wa pili wa mizani ulikuwa na jamii ile ile ya Waislamu iliyoitegemea mantiki hiyo mwaka 2016.

Matokeo ya vitendo yanaanzia kwenye neno moja la kifungu cha 170: kukubali. Mahakama Kuu nayo ina mamlaka ya kusikiliza mirathi ya Waislamu. Baba akifariki Kisauni au Malindi, na mmoja wa wanaodai urithi asikubali kwenda kwa kadhi, kesi huelekea Mahakama Kuu. Kabla ya 2025 tofauti ya milango hiyo miwili ilikuwa hasa ya gharama, lugha na muda. Sasa mlango ambao familia itaingilia unaweza kuamua nani anapata fungu na nani anatoka mikono mitupu, na wa kwanza kuuliza swali hilo, mara nyingi matanga hayajaanuliwa, ni mama wa mtoto ambaye jina lake halikutajwa msibani.